Had Better ya Shosho

Juzi daktari mmoja mjini Nakuru aliniambia nipunguze chumvi, "You should cut down on salt," nami nikajikuta nimebisha meza yake kwa vifundo vya vidole. Akanitazama. Nilishindwa kumweleza, basi wacha nikueleze wewe.

Kule Elburgon nilikosomea, misumeno ya viwanda vya mbao ilinguruma kutwa, na harufu ya maranda mabichi iliingia hadi darasani. Mwalimu wetu wa Kiingereza alifundisha kwa kushindana na kelele hizo. "You could," alisema, akigusa meza kwa ncha ya kidole: njia ipo, ukipenda pita. "You should," akabisha kwa vifundo: rafiki anakushauri. Kisha "You had better," na kiganja kikashuka hadi chaki ikaruka: usipofanya, utajuta. Nasi tukayapiga madawati mpaka darasa la jirani likalalamika.

Jioni nilimrudia shosho, nyanya yangu, somo zima akimenya viazi. Kiingereza hakukijua, ila vishindo alivipenda.

Jumamosi moja ng'ombe wake wa pekee, aliyetupa maziwa ya chai, alivunja ua akala majani machanga yenye umande shambani kwa watu. Tumbo likafura, likakaza kama ngoma. Jirani yetu mwenye bucha akafika na kisu.

"Mathe, tumchinje kabla hajafa," akasema. "Angalau nyama isiharibike."

Kanisani kulikuwa na mgeni, daktari wa mifugo kutoka ng'ambo, asiyejua Kiswahili. Nilitumwa mbio kumwita. Alimnywesha ng'ombe mafuta, akampapasa ubavu, kisha akamwambia shosho, "You could slaughter her. But you had better keep her walking."

"Si amesema tuchinje?" jirani akauliza. Neno hilo alilijua.

Wote wakanigeukia. Maneno ya kutosha sikuwa nayo, basi nikageuza karai juu chini. Kwa kuchinja, nikaligusa kwa ncha ya kidole. Kwa kumtembeza, nikalipiga kiganja mpaka kuku wakatawanyika.

Shosho hakuuliza zaidi. "Huyu anatembea," akamwambia jirani, akashika kamba.

Tulimtembeza barabara ya kuelekea msituni, shosho mbele, mimi nyuma na kijiti, majirani wakiungana nasi mmoja mmoja kama harusi. Shosho alipochoka, mwenye bucha mwenyewe aliipokea kamba. Jua likiinama, ng'ombe alisimama, akanyoosha shingo, akabeua kwa kishindo. Tulicheka hadi tukaketi chini. Jioni ile chai ya shosho ilikuwa nzito, na mwenye bucha alikunywa vikombe vingi kuliko mtu yeyote.

Tangu hapo shosho akawa na Kiingereza chake. "Hadi beta ule." "Hadi beta ulale." Asubuhi za baridi kali ya milima ya Mau alisimama mlangoni, akapiga ubao kwa kiganja: "Hadi beta uvae sweta." Na sweta ilivaliwa, hata ile ya kuwasha shingoni.

Viwanda vingi vimenyamaza sasa, na boma letu limegawanywa ploti. Shosho tulishamzika. Siku hizi natoka asubuhi nikiwa nimevaa nipendavyo, na hakuna anayenirudisha ndani.