Nesi wa kigeni aliyeweka akiba yake yote kwenye ng'ombe Mgori, na jibu alilopewa benki

Wakuu, heshima kwenu. Naona vijana wengi humu mnauliza mambo ya visa na kubadili hela mkiwa nchi za watu. Nawapa kisa nilichokiona kwa macho yangu, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Ni enzi za vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mhudumu wa zahanati kule Mgori, Singida, na nesi wetu alikuwa Inga, dada kutoka Ulaya, yuko kwa mkataba.

Alilipwa kwa shilingi. Kijijini utatumia nini? Sabuni na mafuta ya taa, basi. Hela zikabaki.

Sisi Wanyaturu akiba yetu ni ng'ombe. Tukamshauri kwa moyo mweupe anunue mitamba, amwachie mama yangu. Kwetu ni kawaida kuweka ng'ombe kwa rafiki: mwenye zizi anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenye mali.

Inga akanogewa. Kila mshahara, mnadani.

Hakuna aliyemwambia kwamba shilingi haivuki mpaka wa nchi hivihivi, lazima benki ikubali kuibadili. Hata sisi hatukujua!

Mkataba ukaisha, kibali cha kuishi kikabakiza wiki chache. Nikamsindikiza benki Singida mjini aulize kabla ya kuuza.

Karani akamwambia, "Dada, sehemu ya mshahara tunaweza kukubadilishia iwe hela ya kwenu, tukiona karatasi za mwajiri. Hela ya mnadani hapana. Na shilingi ukizibeba, kwenu hazinunui hata mkate."

Inga akatoka, akakaa kwenye ngazi. Jasho lake la miaka yote lilikuwa kwa mama, linacheua.

Tuliporudi nikamweleza mama. Akacheka.

"Sasa mnalia nini? Kibali kinachoisha ni cha kwake, si cha ng'ombe."

"Mama, na nikichelewa kurudi?" Inga akauliza.

"Watazaa. Nenda kawasalimie wazazi wako."

Akaondoka kabla kibali hakijaisha. Hilo lilimsaidia sana, maana miaka ilipopita akaomba visa ya matembezi, akapewa bila maswali mengi.

Safari hii alikuwa mjanja. Alibadili hela za kwao benki kidogo kidogo, kila stakabadhi akaiweka kwenye pasipoti, ili shilingi zikibaki azirudishe kuwa za kwao.

Ila hakuzigusa sana. Mama alimpeleka zizini, akamwonyesha ng'ombe mmoja mmoja na ndama wake. Inga akauza madume mawili, akaishi kwa hela hiyo mwezi mzima.

Wengine akawaacha. Nikamuuliza mama kwa nini hakumshauri amalizie.

"Mwenye ng'ombe kwangu lazima atarudi," akasema.

Wadogo zangu, mkiwa ugenini ulizeni benki mapema, siyo mkishafunga mabegi. Tunzeni stakabadhi, na kibali msikiache kipitilize hata siku moja. Akiba ya kwenda nayo nyumbani itengeni na ile ya kuishi hapo. Hayo yote mtu anajifunza, msiogope.

Nyie mlio nje, akiba yenu iko kwa hela ya wapi, na anaitunza nani? Tiririkeni, nasoma kila mchango.