Viatu Vyetu Ukutani

Sabato ile nyingine, baada ya ibada, tuliitwa kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Nyamache kuona picha alizochora msichana mwenye kifafa. Mimi na kuangalia mambo ya watu! Nilifika wa kwanza.

Picha kubwa ilikuwa ya viatu tu, vimesimama mbali, vimefanya duara.

"Hivi ndivyo viatu ninavyoviona kila nikizinduka," alisema msichana. "Mmeambiana mate yangu yanaambukiza."

Tukaanza kutambuana kwa viatu. Mzee wa kanisa alificha miguu chini ya benchi, nami nikamcheka, mpaka mama mmoja akaninong'oneza, "Nyanya, na hizo raba za bluu pichani, kule mlangoni?"

Zilikuwa zangu. Mbali kuliko zote, tena zimeelekea nje.

Sabato hii msichana alianguka tena katikati ya wimbo. Nilipiga magoti, nikamwekea leso yangu chini ya kichwa. Mzee wa kanisa akaja mbio, akamlaza kwa ubavu. Alipozinduka alitutazama sana.

"Nyanya, leo nimeona nyuso."

"Basi zichore," nikamwambia, "lakini yangu uipunguzie mikunjo."