Jimbo la Mashariki Kabisa

Mwalimu aliuliza: jimbo gani la Marekani liko mashariki kuliko yote? Binti yangu akanyoosha mkono, akasema Alaska. Ukumbi mzima ukacheka.

Naanzia hapo kwa sababu mambo yalianzia hapo, na sina nguvu ya kuzunguka.

Ilikuwa Idi pili, mchana, kwenye ukumbi wa Auburn tunaoukodi kila mwaka. Watu wa Tanga, Mombasa na Unguja tulioko Sydney si wengi, tukija wote na watoto wachanga tunajaza ukumbi mmoja tu. Kuna biriani, kuna kashata, kuna wanawake wa kukukagua kuanzia mtandio mpaka kisigino. Chakula kikiisha kuna chemshabongo, na chemshabongo ni ya Mwalimu. Alifundisha jiografia Tanga miaka mingi, mama yangu mwenyewe alikaa darasani kwake. Tangu watoto wake wamlete huku hana wanafunzi ila sisi. Jumamosi anawasomesha watoto wetu Kurani na Kiswahili kwenye ukumbi uleule. Mwaka huu alikuwa ametoka kumtembelea mwanawe Marekani, basi maswali yote yakawa ya majimbo ya Marekani.

Yalikuwa maswali ya mitego. Mji upi uko magharibi zaidi, Los Angeles au Reno? Watu wote wakasema Los Angeles, kwa sababu iko pwani. Kumbe Reno. Jimbo lipi liko kusini kabisa? Meza ya wanaume ikasema Florida kwa sauti moja. Kumbe Hawaii. Kila tulipokosea Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena. Alikuwa hajafurahi vile siku nyingi.

Binti yangu ana miaka tisa. Aliyapata yote mawili, na meza yetu ya wanawake ikawa inaongoza kwa ajili yake. Mama mmoja wa Mombasa aliyekaa ubavuni kwangu akaniambia, "Huyu msomeshe uwakili, shoga. Mdomo anao tayari." Nikacheka. Nilikuwa na raha kidogo, nisiseme uongo.

Nilijua anakoyatoa. Babake yuko Maine, kule juu kaskazini, anaendesha lori. Aliondoka akisema miezi sita tu, atengeneze karatasi, atuite. Huu ni mwaka wa nne. Kila Jumapili anamtumia mtoto swali moja kwa ujumbe wa sauti, mtoto anamjibu, Jumapili inayofuata swali jingine. Malezi yake ndiyo hayo. Mimi ndiye ninayejua saizi ya viatu vya mtoto, yeye anajua jimbo lipi la Marekani liko karibu zaidi na Afrika. Ni lake, Maine. Alimwambia mtoto hivyo, kwamba Marekani nzima hakuna aliye karibu na Afrika kama yeye. Mtoto akafurahi. Mimi nilikuwa naosha sufuria, nikaendelea kuosha.

Sasa Mwalimu akasubiri kicheko kiishe, akasema kwa upole, "Alaska ni magharibi, mwanangu. Magharibi ya mwisho kabisa. Jibu ni Maine."

Mtoto hakukaa. Akasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa chote lakini kukitamka hataki, kwamba Alaska ni magharibi na ni mashariki pia, kwa sababu ina visiwa vilivyovuka mstari. Mwalimu akamuuliza nani kamfundisha. Akasema baba.

Mwalimu akaugeukia ukumbi. "Baba akikaa mbali sana, hata dira humpotea."

Wakacheka tena, na safari hii walikuwa wanacheka kitu kingine, kila mtu alijua. Nilihisi macho ya meza zote yananishukia. Na mtoto, katikati ya kicheko, akamwambia Mwalimu mbele ya watu: wewe ndiye umekosea. Kwa Kiingereza, lakini hapo hakuna aliyehitaji mkalimani.

Kwetu mtoto akimrudishia mkubwa maneno, lazima amwombe radhi palepale. Anapelekwa mbele, anainama, anaubusu mkono wa mkubwa, anasema nakuomba radhi, na mkubwa akitaka anasema nimekuwia radhi. Nilifanyiwa hivyo mimi, mama yangu alifanyiwa hivyo, na sidhani kama kuna aliyewahi kuuliza kwanza nani alikuwa na haki. Haiulizwi. Nilisimama, nikamshika bega, nikampeleka. Alikuwa mzito, amekaza miguu. Nikamsukuma shingo chini. Akainama, akabusu, akasema maneno yale kwa Kiswahili, sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili mwaka huu mbele ya watu.

Ingeishia hapo, pengine ingepita. Lakini alipoinuka aliniangalia, akanong'ona kwamba baba alisema. Nikamjibu kwa sauti ambayo meza zote zilisikia. "Baba yako ni mwongo. Kila anachokuambia ni uongo."

Nilitaka wasikie. Nilitaka wajue kwamba mimi si mjinga, kwamba nimeshamjua. Nilichagua mahali pa kulisemea, na mahali penyewe palikuwa juu ya kichwa cha mtoto.

Baada ya hapo hakuna kilichotokea, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Hakulia. Hakununa hata. Alikula, alioga, alivaa sare, alikwenda shule. Nikimuuliza kitu alijibu nilichouliza, hazidishi neno. Jumapili swali likaja kutoka Maine, simu ikalia, akaiangalia, akaiacha ikae kifudifudi mezani. Jumapili ya pili vilevile. Mwalimu wake wa shule alinipigia akiuliza kama nyumbani kuna jambo, kwa sababu mtoto aliyekuwa hachoki kunyoosha mkono sasa hanyooshi kabisa. Nikasema hapana, hakuna jambo. Nilikuwa kazini, hospitali ya Westmead, nimekaa kwenye benchi la nje na glavu mfukoni, na nilisema hakuna jambo kama ninavyomwambia mgonjwa kwamba haitauma.

Mimi nami sikusikia kitu. Watu hudhani hasira ni moto. Yangu imeshapoa siku nyingi, imebaki ganzi, kama mkono uliolaliwa. Nafanya kazi nayo. Nageuza wagonjwa, nabadilisha mashuka, napanda treni mpaka Mount Druitt, napika. Nikijibonyeza, sioni maumivu.

Wiki ya tatu babake akanipigia mimi. Akauliza kwa nini mtoto hamjibu. Nikamwambia ajibiwe nini, na uongo wake wa Alaska umemdhalilisha mtoto mbele ya kadamnasi. Nilisikia lori likinguruma. Halafu akasema, "Atlasi yake ipo? Ifungue. Usiniamini mimi, fungua tu." Nikamkatia simu.

Lakini nikaifungua, mchana, mtoto yuko shule. Sikusoma sana mimi, niliishia kidato cha nne, na jiografia yenyewe niliipita kwa kukariri. Nikaweka kidole kwenye mstari wa sifuri, ule unaopita Uingereza. Nikaenda nao mashariki. Nikapita Tanga, thelathini na kitu. Nikaenda, nikaenda, nikafika hapa Sydney, mia na hamsini na moja. Nikaendelea kwenye bahari tupu mpaka ukingo wa karatasi, kwenye mia na themanini, mahali mashariki inapokwisha na magharibi kuanza. Na pale juu kabisa, kabla tu ya mstari, nikaona vitone. Nilidhani ni uchafu, nikavikwaruza kwa ukucha. Vilikuwa visiwa, vimeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ni vya Marekani. Mkia wa Alaska. Alaska nzima iko ng'ambo ya mstari, na mkia wake umevuka, umeangukia upande wetu. Kwa hesabu ya mistari, hakuna ardhi ya Marekani iliyo mashariki kuliko vitone vile. Na hakuna iliyo magharibi kuliko vile vya upande wa pili wa mstari. Jimbo moja, ncha zote mbili.

Mwanamume yule alinidanganya kuhusu karatasi. Alinidanganya kuhusu miezi sita, kuhusu chumba anachosema analala peke yake. Jambo moja tu alikuwa amesema kweli miaka minne, na hilo ndilo nililomwadhibia mtoto.

Jumamosi iliyofuata nikamwambia binti yangu kwamba nakwenda kumwonyesha Mwalimu. Akasema nisiende. Nikauliza kwa nini. Akasema nisiende tu. Nilikwenda. Hilo nalo ni langu, naliandika hapa pamoja na mengine.

Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kama kumi na tano, binti yangu mstari wa nyuma, amejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi aliponiona mlangoni. Nikamwamkia Mwalimu shikamoo, akaitikia. Nikamfungulia atlasi juu ya meza yake.

Nikamuuliza mstari ule unaitwaje. Akasema longitudo ya mia na themanini. Nikamuuliza vile vitone ni vya nani. Akainamia ukurasa, akavua miwani, na safari hii hakuifuta. Akasema vya Alaska.

"Viko upande gani wa mstari, Mwalimu?"

"Mama, watoto wanatusikia."

"Ndiyo maana nimekuja sasa, wasikie."

Akatazama mkeka, akatazama atlasi. "Mashariki," akasema, kwa sauti ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Halafu akajikusanya. Akasema hiyo ni mashariki ya kwenye mistari, lakini mtu akisimama katikati ya Marekani akatembea kuelekea linakochomoza jua, hawezi kufika Alaska, atafika Maine, na Wamarekani wenyewe ndivyo wanavyosema. Akasema swali lina majibu mawili. Nadhani hapo alisema kweli. Nikamwambia basi siku ile ungesema lina mawili.

Akafunga atlasi taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili. "Mama yako alikuwa na adabu sana," akasema.

Nikamjibu kwamba ninazo hata mimi, na ndizo zilizonifikisha hapa.

Nilikuwa nimeingoja siku ile wiki nzima. Nilidhani nitasikia kitu kikifunguka kifuani. Hakuna. Mzee wa watu, kola ya kanzu imechakaa, watoto kumi na tano wa watu wananikodolea macho. Mwalimu akamwita binti yangu mbele, akamwekea mkono kichwani, akamwambia ana akili. Hakumwomba radhi. Hawezi, wala sijui kama angejua aanzie wapi. Kwetu radhi hupanda tu, haishuki. Binti akasema asante kwa Kiingereza, akarudi mahali pake, akasubiri darasa liishe. Hakutaka tuondoke mapema tukaonekana tunaondoka.

Tulibadilisha treni Parramatta. Tukapata viti vya kuangaliana, magoti yanagusana. Ilikuwa kama saa nane mchana, jua la dirishani linampiga usoni, na hakutaka kuhama. Nilikuwa nimeyafikiria maneno tangu kwenye ngazi za stesheni na sikupata namna ya kuyapamba.

"Nakuomba radhi," nikamwambia. "Kwa kukuinamisha. Na kwa niliyosema juu ya baba yako."

Aliniangalia kama mtu anayesoma bango. Nadhani hakujua kama inaruhusiwa. Hata mimi sikujua. Sijawahi kumwona mama wa kwetu akimwomba mwanawe radhi. Mama yangu angesikia, angeniuliza kama nina homa.

Akaniuliza, kwa Kiingereza, ulimwamini Mwalimu kwa sababu ni mzee?

Nikasema ndiyo.

Na baba hukumwamini kwa sababu ni baba?

Nikasema ndiyo.

Na mimi je?

Hilo sikulitegemea. Treni ilikuwa imepita Blacktown. Nilitafuta jibu ambalo lingenionyesha vizuri kidogo, nikalikosa. Nikamwambia ukweli, kwamba yeye sikumfikiria kabisa. Wakati ule nilikuwa nafikiria wale watu mezani na nilivyoonekana machoni mwao.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubali kwamba hesabu imekaa sawa. Hakunikumbatia wala hakusema haidhuru, neno ambalo mimi ningelisema haraka ili yaishe. Stesheni iliyofuata akaongea kwa Kiswahili, cha kuvunjikavunjika, anatafuta kila neno kabla ya kulitoa.

"Bado, Mama. Mimi nafikiri kwanza."

Nikasema sawa, fikiri. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema hajui.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili swali la Maine lilikuja, akalisikiliza chumbani, mlango umefungwa, na nilimsikia akijibu, kirefu, kwa sauti yake ya zamani. Kwangu bado. Leo ni Alhamisi. Asubuhi nilimsuka nywele, akainamisha kichwa kidogo ili nifikie nyuma. Sijamuuliza tena. Nilipokuwa mdogo mimi hakuna aliyenipa nafasi ya kukataa radhi ya mtu, sasa yeye anayo, na naona haitumii kwa ukali. Anaichukulia muda wake. Nimeshangaa kukuta kwamba kungoja kwenyewe kunauma.