Pini Sita Mdomoni

Ukitaka kujua hali ya mama fundi wetu wa nguo, hesabu pini alizobana midomoni. Zikiwa mbili, atakutania. Zikifika sita, chunga ulimi wako. Kila Jumamosi wateja tukingoja kupimwa, tunabishania tamthilia ya chombo cha anga, na yeye ndiye mkata maneno: huchomoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha mkononi, kisha akaamua kwa sauti kavu, na mjadala ukafa.

Jumamosi hii alikuwa amepiga magoti akinipindia gauni, pini sita mdomoni. Kwenye kipindi cha jana, nahodha alifunga mlango wa chombo ili hewa isiwaishie, mdogo wake akabaki nje.

"Yule si dada, ni nyoka!" alisema muuza mkaa.

"Ndani mlikuwa na watu arobaini, mama. Ulitaka wafe wote?" mwalimu alimrukia. "Isitoshe, hakusikia kitu. Angani sauti haipiti."

Pini ikanizama pajani. Nikaruka. Fundi, ambaye hajawahi kumchoma mtu, wala hakuniangalia. Tukangoja achomoe pini zake atuamulie. Hakuchomoa hata moja.

"Alisikia," alisema, meno yameuma vyuma. "Mdogo wake aligonga mara tatu. Halafu akaita, 'Dada.'"

Sote tulikuwa tumekitazama kipindi kile mpaka mwisho, na mle hakuna aliyegonga, wala aliyeita.