Asubuhi Niliyokatazwa Kusalimia

Kama kuna binti anayemaliza shule ya uuguzi na anataka kujua kinachomngoja kwenye staji, yaani ile miezi ya kufundishwa kazi ukiwa tayari una diploma, nitamwambia ukweli: kinachomngoja ni glavu. Si za kuvaa, za kufua. Miaka ile ya vita, nchi ilipofungiwa mipaka, glavu za hospitali yetu pale Bujumbura zilivaliwa, zikafuliwa, zikaanikwa kwenye kamba, zikapakwa poda, zikavaliwa tena. Nilifika na koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi mpaka likataka kusimama lenyewe, nikakabidhiwa beseni.

"Diploma yako inajua sabuni?" aliniuliza Mama Shefu.

Huyo alikuwa muuguzi mkuu wa wodi yetu, mwanamke mnene wa mtaa wa Kinanira, mwenye sauti ya kuamsha waliolala na kulaza walioamka. Sisi wapya alituita "ba-diploma", yaani watu wa diploma. Nilimwogopa kuliko milio ya bunduki vilimani, maana milio angalau ilikuwa na siku zake za kupumzika.

Baada ya beseni nilipewa mgonjwa wangu wa kwanza. Alikuwa fundi cherehani mzee, mwenye kibaraza chake cha kushonea mtaa wa Asiatique, ila kwake ni Jabe, nyumba chache kutoka kwetu. Siku moja watu walipokimbia risasi alikanyaga bati, likampasua mguu wa kulia. Daktari alisema wazi kwamba kidonda kikiharibika, mguu utakatwa. Na fundi wa cherehani ya kukanyaga, akikosa mguu, atakula nini? Kanzu zote za baba yangu zilitoka mikononi mwake. Niliutaka mguu ule upone kuliko nilivyoitaka kazi.

Bendeji zilikuwa haba, hatukuzifungua kila siku. Siku za katikati tulitegemea mdomo wa mgonjwa. Kwa hiyo kila asubuhi nilifanya kama nilivyolelewa: nilipiga goti kando ya kitanda, nikainamisha kichwa.

"Asalaam aleikum, babu. Umeamukaje?"

"Waaleikum salaam, mutoto wangu. Salama, Alhamdulillahi."

"Na mguu?"

"Mguu nao salama."

Nami nikampelekea Mama Shefu habari hizo kwa Kifaransa cha shule, ili zipendeze: mzee salama, mguu salama. Siku ya pili ya salama hizo alikwenda mwenyewe, akamgusa mzee kwenye paji la uso, kisha akanivuta koridoni.

"Ana homa, ao ni malaria ao ni mguu, na bendeji ya kufungua ovyo hatuna. Mutu wa hapa akikuambia salama, amekusalimia tu, hajakujibu. Na uyu musee amekuona ukikuwa. Atakulalamikia weye, mutoto wa jirani, mwenye kumupigia magoti?"

"Nifanye nini sasa, Mama?"

"Kesho usimusalimie."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Apana salamu, apana goti. Uliza mguu tu."

Kwetu Jabe, mtoto akimpita mzee bila kumsalimia, habari yake humtangulia nyumbani. Afadhali ningeambiwa nifue glavu za mji mzima.

Asubuhi nikasimama miguuni pa kitanda, macho ukutani.

"Mguu unauma wapi?"

Mzee alinitazama kama niliyemmwagia maji.

"Hata salamu?"

"Sema, unauma wapi?"

"Mutoto wa nani weye? Mutu anavumilia, mguu unamuwaka moto tangu juzi, hapati usingizi, vidole havisikii tena, na bado anasema Alhamdulillahi! Na weye unamukujia kama polisi! Hata salamu!"

Wodi nzima ikageuka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akanisonya. Mimi katika matusi yote yale nilishika neno moja tu, vidole, nikatimua mbio kumwita daktari. Bendeji ilipokatwa, harufu iliyotoka pale siwezi kuisimulia. Daktari alipasua, akakamua, akasafisha. Alisema tungechelewa kidogo tu angekuja na msumeno. Kidole kimoja kidogo kilikwenda, mguu ukabaki.

Mama Shefu hakunisifu. Alinirudishia beseni, nikalia huku nafua. Nilirudi kwa mzee na salamu zangu na magoti yangu, akageukia ukuta. Mpaka anaruhusiwa kwenda nyumbani hakunijibu hata mara moja, na iliniuma sana.

Wiki kadhaa zikapita. Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama mlangoni, kanga ameifunga kiunoni, dalili kwamba na nyumbani kuna vita.

"Umeniaibisha! Fundi ametoka hapa sasa hivi. Anasema hospitali imekuharibu, hausalimie tena watu wazima."

"Amekuja hapa? Nani amemleta?"

"Aletwe na nani? Amefunga kazi yake Asiatique, amekuja na miguu kukusemea."

"Na miguu yote miwili?"

Mama alinikazia macho.

"We mutoto, mutu anatembeaka na miguu ngapi?"

Nikaangua kilio cha furaha palepale mlangoni, na mama akadhani nimetubu.