Matangazo ya Vifo na Ndege za Mwalimu Edina

Mwalimu Edina alifundisha fizikia katika sekondari moja ya Mpwapwa, na tangu afiwe na mumewe alibaki na burudani moja tu: kutafuta ndege zinazopita kwenda Dodoma. Hakutumia darubini. Alisimika antena mbili juu ya bati, moja ikitazama mnara wa redio ya mjini, nyingine ikitazama angani, akaziunganisha na kompyuta. Mawimbi ya redio yakigonga ndege hurudi yamebadilika kidogo. Kompyuta ililinganisha yaliyokuja moja kwa moja na yaliyorudi, na ndege ikaonekana kama kidoa kinachotambaa kwenye skrini. Yeye mwenyewe hakurusha wimbi lolote. Alitegemea redio ya watu.

Shida ni kwamba kila mchana kidoa kilikatika. Alikagua nyaya, akapanda juu ya bati majirani wakimtazama, mpaka siku moja akafungulia redio asikie kinachorushwa. Yalikuwa matangazo ya vifo. Mtangazaji, Geofrey, aliyasoma kwa heshima kubwa: akitaja marehemu, ananyamaza, akitaja wafiwa, ananyamaza tena. Redio ikinyamaza, wimbi linabaki tupu, kompyuta haina cha kulinganisha, na ndege inapotea.

Edina akaenda studio. Geofrey alimpa kiti na pole, akidhani amefiwa. Akaelezwa kwamba ukimya wake unaficha ndege.

"Ndege gani, mwalimu? Kwale?"

"Ndege ya abiria."

Geofrey alifikiri, kisha akauliza kama rubani naye husikiliza matangazo hayo. Edina akamchorea mnara, ndege na nyumba yake. Mchoro haukumwingia, ila aliona mjane huyu amekuja kwa adabu na anaomba kitu kidogo, ngoma ipigwe chini ya sauti yake asiache ukimya. Akakubali kujaribu.

Kesho yake mzee Bartolomayo wa Kibakwe alitangazwa kufariki huku ngoma za Kigogo zikirindima. Kidoa kilivuka skrini bila kukatika. Edina alipiga makofi peke yake, halafu akaona aibu. Alijua wafiwa watamvamia Geofrey.

Walikwenda kweli, wakiongozwa na binti wa marehemu, wakashukuru. Baba yao alikuwa mcheza ngoma hodari, nao wakadhani redio imeulizia. Baada ya hapo kila familia ikaanza kuchagua: huyu kwaya, yule singeli kwa kuwa alikuwa dereva wa bodaboda. Watu wakayasubiri matangazo kuliko mpira. Mzee mmoja alifika akiwa mzima kabisa kuchagua wimbo wake, akataka na kuusikiliza.

Edina naye akazoea kuacha redio wazi. Mchana mmoja, amesogelea skrini kungoja ndege, zikaanza dufu, na Geofrey akataja jina la Batuli, muuza mboga wa jirani, aliyelala chini pamoja naye Edina alipofiwa na mumewe mpaka watu wote walipotawanyika. Edina akachukua khanga akatoka.

Jioni Geofrey alipotoka studio, alimkuta kwenye lango la msibani.

"Nilimwekea kaswida," Geofrey akasema kwa sauti ya chini. "Ndege ilionekana?"

"Sikuangalia," Edina akajibu, akapita ndani kwa akina mama.