Bunduki Niliyoirudisha

Kabla ya vita nilikuwa nikitengeneza baiskeli mjini Kisii, barazani kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka. Nilipoandikwa jeshini na kupelekwa Burma, wakubwa walisikia najua tupa na bisibisi, wakanifanya fundi wa bunduki wa kikosi chetu. Nami nilikuwa na bunduki yangu, ila niliilaza kando, kwa kuwa kutwa nzima nilikuwa na za wenzangu mikononi.

Bunduki zile zilikuwa nzuri. Nasema hivyo hata leo. Ziliburutwa matopeni, zikadondoka mitoni, na bado zikapiga. Lakini mvua ya kule haikuwa mvua ya kwetu, inayonyesha alasiri kisha ikaacha watu wapalilie. Ile ilishinda na kulala. Ukipaka chuma mafuta asubuhi, jioni kimeshika kutu. Risasi zenyewe zilikuwa zikiota ukungu mfukoni. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nikifumba macho naendelea kuona mitutu.

Mwenzangu wa karibu alikuwa mtu wa Sironga, Msabato, mpole. Siku moja aliniletea bunduki yake.

"Hii inakwama," akasema. "Nikishapiga, ganda halitoki. Navuta bolti mpaka mkono unauma."

Siku hiyo jua lilikuwa limetoka kidogo. Niliifuta, nikapiga risasi tano, maganda yote yakaruka vizuri. Nilipaswa kuifungua na kuchunguza ndani, pale risasi inapokaa, maana kutu hujificha pale. Sikuifungua. Kulikuwa na nyingine nyingi zikinisubiri.

"Ni nzima," nikamwambia. "Vuta kwa nguvu."

Alinitazama, akaichukua, akaenda zake. Hakuwa mtu wa kubishana.

Siku ya tatu yeye na wenzake wa doria walivamiwa njiani mvua ikinyesha. Walipouleta mwili wake, bunduki yake ilikuja nao. Bolti ilikuwa imefunguka nusu, ganda limeng'ang'ania ndani, na kishikio chake kilikuwa na alama za kisigino cha buti. Aliipiga teke ifunguke. Afisa aliniuliza sababu. Nikajibu, "Matope, Bwana." Akaandika matope.

Vita vilipokwisha nilirudi nyumbani Birongo. Nilikaa miezi mingi kabla ya kupata miguu ya kwenda Sironga. Nilimkuta baba yake ameketi mlangoni akipukuchua mahindi. Nikamwamkia Tata, yaani baba kwa lugha ya kwetu, nikamwambia mimi ni nani. Alinionyesha kigoda.

"Walituletea barua," akasema. "Haikueleza kitu. Alikufaje?"

Njia nzima nilikuwa nimeyapanga yale maneno ya matope. Hayakutoka.

"Tata, bunduki yake ilikwama," nikasema. "Alikuwa ameniambia inakwama. Mimi ndiye niliyekuwa fundi. Nikamwambia ni nzima."

Aliendelea kupukuchua. Punje zikawa zinaanguka ungoni.

"Kulikuwa na nyingine ya kumpa?"

"Ilikuwepo. Yangu."

Hapo mikono yake ikasimama. Nilingoja anitukane, au anifukuze, na nadhani ningefarijika. Aliinuka akaingia ndani, akakaa huko kwa muda mrefu, nami sikujua niende au nibaki. Mama mtu ndiye aliyetoka. Alinipa uji kwenye kibuyu, akasimama mpaka nikaumaliza.

"Amesema uende," akaniambia. "Si kwa ubaya. Hawezi kukutazama leo."

Nilirudi msimu wa kupanda, bila kualikwa, nikiwa na jembe langu. Mzee alinikuta shambani kwake tayari nimelima sehemu ya wimbi. Hakunisalimu. Alianza upande wake wa shamba, mimi wangu, na mchana mama akatuletea chakula katika sahani moja. Nilikwenda hivyo kila msimu, mpaka mzee alipofariki, na habari ya bunduki hatukuigusa tena.